Kama BoT (Benki Kuu ya Tanzania) ni ya serikali na ndiyo inayotoa hela, kwa nini mkandarasi naambiwa "fedha haijatoka Hazina"?

Kalavati7

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mkandarasi mdogo, daraja la saba. Kazi zangu ni barabara za changarawe, mitaro na makalavati. Kuna halmashauri moja (jina nalihifadhi, bado nataka kazi kwao) niliwamalizia kazi tangu kabla ya masika. Mhandisi kakagua, hati ya malipo imesainiwa, muhuri umegongwa. Toka hapo kila nikienda kwa mweka hazina jibu ni moja: "Fedha haijatoka Hazina." Saruji nilichukua kwa mali kauli, nondo hivyo hivyo, na mwenye kijiko (mtambo wa kuchimbia) ananipigia simu asubuhi kabla hata sijanawa uso.

Juzi nimekaa na msimbazi (noti ya elfu kumi) mkononi nikaigeuza nyuma. Kumbe picha iliyopo ni yale majengo ya BoT yenyewe. Nikajiuliza: hawa ndio wanaotoa hela ya nchi nzima, na nasikia ni mali ya serikali asilimia mia. Halafu serikali hiyo hiyo inatangaza hatifungani, inakopa kwa wananchi na mabenki, inalipa riba, na mimi nasubiri. Mtu mwenye kiwanda cha tofali anakopaje tofali?

Wajuvi nielewesheni kwa lugha ya saiti. BoT inafanyaje kazi hasa? Ilianzaje? Na kabla yake nani alikuwa anatoa hela?

Jero_Tatu

Mkuu, nondo umekopa dukani, sasa unaomba ushushiwe nyingine humu.

Jibu langu fupi: wachapishe tu walipe watu. Marekani walimwaga hela kipindi cha korona na hawajafa. Hizi habari za mfumuko wa bei ni za kututisha sisi wa jero jero.

Mzee wa Kliaringi

Kalavati7, pole na kazi, na pole zaidi na kusubiri.

Nijitambulishe kidogo ujue nasemea wapi. Sikuwahi kuajiriwa BoT. Nilikuwa benki ya biashara ya umma, nikaanza ukarani Mwanza mwishoni mwa miaka ya sabini na kustaafia Dar. Lakini nusu ya maisha yangu ya kazi nilishinda Mtaa wa Mirambo, BoT ilipo Dar. Kwanza kwa ajili ya kliaringi: makarani wa mabenki tulikutana na mafurushi ya hundi, unanipa zangu nakupa zako, tunajumlisha, na tofauti inaandikwa kwenye akaunti za benki zetu zilizopo BoT. Baadaye nikahamia kwenye minada ya dhamana za serikali, yaani karatasi ambazo serikali inakopea.

Tuanze na hela yako. Ukifuata njia inayopita, utaiona benki kuu yote humo humo.

Halmashauri ikiingiza malipo yako kwenye MUSE, yaani mfumo wa malipo wa serikali, yakaidhinishwa, hakuna noti inayotembea. Akaunti za serikali zipo BoT. Benki yako nayo ina akaunti BoT. Kinachofanyika ni BoT kupunguza tarakimu kwa serikali na kuongeza tarakimu kwa benki yako, kupitia mfumo unaoitwa TISS, uliopo tangu 2004. Kisha benki yako inakuandikia wewe. Noti utakutana nayo ukienda kutoa. Na hizo noti hata Dar hazichapishwi, huagizwa kwenye viwanda vya nje. BoT inazitunza na benki ikizihitaji inapewa huku akaunti yake ikikatwa. Karatasi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika habari ya pesa, ingawa ndiyo inayopigwa picha.

Kwa hiyo swali lako la kiwanda cha tofali ukilivua koti linabaki hivi: kwa nini BoT isiongeze tarakimu kwa benki yako bila kupunguza chochote kwa serikali? Inaweza. Ni kazi ya dakika moja. Ndiyo maana ikafungiwa kwa sheria. Sheria ya Benki Kuu ilipotungwa 2006 iliweka kwamba serikali ikipungukiwa kwa muda inaweza kukopa BoT, lakini mkopo usizidi sehemu moja ya nane ya mapato yake, na urudishwe ndani ya siku 180. Ni mkopo wa kuvukia mwezi ambao kodi haijaingia. Kujengea barabara haumo.

Tuseme kufuli livunjwe ulipwe kesho, wewe na wakandarasi wote wanaodai. Wiki hiyo mngeimba. Ungelipa duka la saruji, mwenye duka angeagiza mzigo, mwenye kijiko angetafuta spea. Spea, dizeli, chuma cha nondo, lami: mwisho wake vyote ni dola. Shilingi zimeongezeka, dola ni zile zile, na kiwanda cha saruji hakijaongeza tanuri. Bei zinaanza kupanda. Wewe sasa una mkataba mpya wa bei iliyokwishaandikwa, kalavati ulilokadiria kwa bei ya Januari unalimwaga zege kwa bei ya Julai. Tajiri mwenye nyumba za kupangisha atapandisha kodi maisha yaende. Mkandarasi wa daraja la saba atafia kwenye mkataba.

Jero_Tatu, hao Marekani waulize bei zao za katikati ya 2022. Mfumuko ulifika asilimia 9, benki kuu yao ikapandisha riba kwa kasi, na dola zikawa adimu mpaka huku kwetu. Tena wao dola ni yao.

Hili la kuvunja kufuli nililiona kwa macho, nikiwa kaunta.

BoT ilifunguliwa na Mwalimu tarehe 14 Juni 1966, Gavana wa kwanza Edwin Mtei. Kabla yake tulikuwa chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, makao yake London hadi yalipohamishiwa Nairobi 1960. Bodi ile kazi yake ilikuwa moja: ukiweka pauni London unapewa shilingi 20 huku, ukirudisha shilingi 20 unapewa pauni yako. Haikusimamia mabenki, haikuwa na sera ya riba, na kwa muda mrefu haikukopesha serikali hata senti. Shilingi ilikuwa imara kama pauni. Lakini pamba ikikosa bei msimu mmoja, hela inapungua nchini na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Nchi zetu tatu zilipojitawala zilijadili kuwa na benki kuu moja ya pamoja, hazikuafikiana, na Juni 1965 zikatangaza kila moja kivyake. Sisi tulifungua Juni 1966, Uganda Agosti, Kenya Septemba.

Haujatimia mwaka likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Mabenki yakataifishwa, ikazaliwa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Sasa angalia mpangilio: benki kuu ya serikali, benki kubwa ya biashara ya serikali, wakopaji wakubwa, yaani mashirika na mamlaka za mazao, wa serikali. Mambo yalipokuwa mazuri hakuna aliyeona tatizo. Kisha vikaja vita vya Kagera 1978, mafuta yakapanda, mazao yakashuka bei. Mamlaka ya zao inakuja na barua, tupeni hela ya kununulia msimu. Deni la msimu uliopita halijalipwa. Benki inatoa, kwa sababu maelekezo yametoka juu. Ikipungukiwa inakimbilia BoT, nayo inatoa kwa sababu hiyo hiyo. Katika mnyororo ule wote hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kusema hapana akabaki na kiti chake. Mtei mwenyewe, ambaye wakati huo alishakuwa Waziri wa Fedha, aliondoka serikalini 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya IMF, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi.

Matokeo yake kaunta yangu ilijaa hela na duka la kaya la jirani lilikuwa tupu. Nisikilize vizuri hapo. Watu walikuwa wanaleta amana kwa wingi, meneja anafurahi, kumbe wanaleta kwa sababu hakuna sabuni ya kununua, hakuna sukari, hakuna kanga. Katikati ya miaka ya themanini mfumuko ulipita asilimia 30. Dola iliyokuwa shilingi 7 na senti 14 mwaka BoT inafunguliwa, mwanzoni mwa 1986 ilikuwa kama 17 kwenye vitabu, na uchochoroni ilikuwa mara nyingi ya hapo. Juni 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikaiachia hadi 40, wala haikuishia 40.

Yaliyofuata niyapitie haraka. 1991 sheria mpya ikaruhusu tena benki binafsi. 1992 zikaja bureau za kubadilisha fedha na watu wakaacha kunong'ona wakitaja dola. 1995 BoT ikapata sheria iliyoweka jukumu moja mbele ya mengine yote: utulivu wa bei.

Lakini kwangu mimi siku kubwa ni Agosti 1993, minada ya dhamana za muda mfupi ilipoanza. Unaandika bei yako kwenye fomu, unafunga bahasha, unaitumbukiza kwenye sanduku kabla ya saa ya kufunga. Fikiria mtu aliyezoea barua za maelekezo kutoka juu. Sasa serikali inamuuliza karani wa benki: wewe utanikopesha kwa bei gani? Na bei isiponiridhisha naondoka na bahasha yangu. Nilitoka pale nikanywa soda mbili.

Basi ndiyo jibu la kwa nini mwenye kiwanda anakopa tofali. Akikopa mnadani, shilingi anayopewa ipo tayari mfukoni mwa mtu, na huyo mtu anaacha kuitumia. Akichukua kiwandani, hakuna aliyejinyima.

Binti Forodhani

Assalamu alaykum wote. Mzee wangu umesema maneno mazito na nimefaidika, lakini historia yako imepita Mwanza, imefika Dar, na boti ya kuja Unguja haikupanda.

Sisi tulikuwa na sarafu yetu. Seyyid Barghash alipiga riyali zake 1882. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia kuanzia 1908. Kwenye hiyo Bodi ya Sarafu tuliingia 1936 tu. Kwa hivyo bodi ilipovunjwa, na sie tulikuwa na fungu letu ndani.

Na zitazameni tarehe. Mkataba wa Muungano wa Aprili 1964 ulikuwa na mambo 11. Sarafu, mabenki na fedha za kigeni hayamo. Yaliongezwa Juni 1965, mwezi ule ule ulioutaja wa kuvunja bodi, yakawa jambo la 12. Fungu letu likaingia katika mtaji wa BoT. Huku mtu akitamka "asilimia 11.02" hakuna anayeuliza ni ya kitu gani, kila mtu anajua ni hesabu ya fungu la Zanzibar katika ile bodi. Gawio tunalopewa ni asilimia 4.5.

Mie sitaki kuchafua uzi wa mwenzetu anayedai pesa zake. Nnasema tu kwamba mtu akiuliza BoT ni ya nani, ukimjibu "ya serikali" umemjibu nusu. Na hiyo riba moja inayopangwa kwa nchi nzima, huku kwetu uchumi ni watalii na karafuu. Mwezi hoteli zinapofunga kwa mvua, hali ya hapa na hali ya Geita kwenye dhahabu hazifanani hata chembe.

Jero_Tatu

Mzee nakuheshimu, soda mbili umezinywa kihalali. Ila hiyo benki iliyojifunza kusema hapana ilikuwa imelala wapi kwenye wizi wa akaunti ya EPA? Bilioni 133 zilipita hapo hapo Mirambo. Kalavati anasubiri hela ya mtaro, wenzake walilipwa kwa karatasi za kughushi.

Mzee wa Kliaringi

Binti Forodhani, waalaykum salaam mwanangu. Umenikamata pazuri. Kisheria mtaji wote wa BoT ni wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na hapo ndipo hoja yenu inapoanzia, maana Jamhuri imeingia na mifuko miwili na kitabu kimeandika mmoja. Nimewasikia wachumi wa pande zote mbili wakibishana juu ya asilimia hizo tangu nikiwa kijana. Hilo la riba moja pia ni kweli. Benki kuu ina bei moja ya pesa, haina ya Nungwi na ya Geita. Tofauti za mikoa inabidi zishughulikiwe na bajeti, yaani na serikali zenyewe.

Na kwa kuwa umetukumbusha rupia, bara nako zilikuwepo, za Wajerumani. Wakati wa vita kuu ya kwanza walikatika na Berlin, wakaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa na kupiga sarafu Tabora. 1916 walitoa hata ya dhahabu, rupia 15, ina tembo. Leo wakusanyaji wanaililia. Jero_Tatu, hao ndio "wachapishe tu" wa kwanza katika nchi hii.

Sasa EPA. Wengi wanaijua kama wizi wa 2005, wachache wanajua akaunti yenyewe ilitoka wapi. Ilitoka kwenye kaunta yangu ile ile ya hela nyingi na duka tupu. Mfanyabiashara anaagiza mashine Ulaya. Analipa shilingi zake zote benki, benki inatakiwa itume dola kwa muuzaji. Dola hazipo. Shilingi zimepokelewa, risiti imetolewa, muuzaji wa nje anasubiri. Madeni ya namna hiyo yalilundikana miaka mingi, baadaye yakahamishiwa BoT, hiyo ndiyo akaunti ya madeni ya nje, EPA. Wadai wengine walichoka, wengine walifunga biashara. Ikabaki akaunti yenye madai ya watu ambao hakuna aliyejua wako wapi.

Deni lisilo na mwenyewe ni chambo. Katika mwaka wa fedha 2005/06 zikaja kampuni zikiwa na hati za kudai kwamba wale wadai wa nje wamezikabidhi madeni yao. Ukaguzi ulipofanywa ulikuta kampuni 22 zilizolipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 isivyostahili. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali, akaingia Profesa Benno Ndulu. Baadhi ya fedha zilirudishwa, baadhi ya watu walifika mahakamani.

Siitetei BoT hapo hata kwa nukta. Ninachokuonyesha ni kwamba kufuli la mikopo kwa serikali linazuia kitu kimoja: waziri mwenye shida. Mtu wa ndani anayekubali karatasi asiyoihakiki anapitia mlango mwingine kabisa, na mlango huo unalindwa na wakaguzi na bodi. 2006 Bunge linaandika sheria mpya ya kuibana benki kuu mbele, hela inatokea nyuma. Nakumbuka ofisini kwetu watu waliona aibu, hata sisi tusio wa BoT, kwa sababu kazi ya benki nzima ni kwamba ukipeleka karatasi mtu ataisoma.

Kalavati7

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea na mwenye kijiko, amesema bado anataka hela yake.

Nimeelewa habari ya mnada. Nibakizie moja. Nilipoona hela haitoki Hazina nikaenda benki kuomba mkopo, dhamana yangu ni hii hati ya malipo iliyosainiwa. Wakanitajia riba ya 17, tena wanataka na hati ya nyumba. Nikawaambia redioni nimesikia Julai 2025 Benki Kuu imeshusha riba hadi 5.75. Afisa mikopo akatabasamu tu. Hiyo 5.75 ni ya nani?

Mzee wa Kliaringi

Marahaba mwanangu. Alitabasamu kwa sababu anaulizwa hilo kila siku.

Mpaka mwisho wa 2023 BoT ilikuwa inaendesha sera kwa kuhesabu wingi wa fedha: tunataka pesa katika uchumi iongezeke kwa kiasi hiki. Januari 2024 ikabadilisha, sasa inatangaza bei. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi hiyo uliyoisikia. Kamati ya Sera ya Fedha, mwenyekiti wake Gavana, hukaa kila robo mwaka kuipanga.

Lakini ile ni bei ya mkopo wa siku saba baina ya mabenki. Meza yetu ilikuwa inaamka na hesabu moja: leo akaunti yetu BoT itafungaje? Siku za kulipa kodi hela inatoka kwa mabenki kwenda akaunti ya serikali, tunakauka. Mishahara ya watumishi ikitoka, inarudi, tunafurika. Na kuna kiasi cha amana ambacho lazima kibaki BoT bila kuguswa. Aliyekauka anakopa kwa aliyefurika kwa siku chache. BoT inataka bei ya mikopo hiyo isiende mbali na riba yake, si zaidi ya pointi mbili za asilimia juu au chini. Hela ikizidi sokoni inainyonya kwa kuuza dhamana, ikipungua inaimwaga kwa kuzinunua kwa muda. Hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, haina sherehe, na ndiyo inayozuia mabenki yasiparurane.

Kutoka hapo hadi kwenye 17 yako kuna safari. Benki inahesabu gharama ya amana, inahesabu waliokopa wakapotea, na inaangalia ingeipeleka wapi hela hiyo kama isingekupa wewe. Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na mwenye benki analala usingizi. Kukushinda wewe hapo si kazi. Na hata wewe unaweza kuingia kwenye mnada huo kuanzia shilingi milioni moja, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Nalisema kwa siku utakapokuwa umelipwa.

Sasa nisome taratibu. Mwenye hatifungani anaidai serikali. Wewe mwenye hati ya kalavati unaidai serikali pia, maana halmashauri ni serikali. Karatasi mbili, mdaiwa mmoja. Moja benki inaipokea kwa mikono miwili, nyingine inaombewa nyongeza ya nyumba. Tofauti yake: riba ya hatifungani ikichelewa siku moja, mnada unaofuata sanduku litakuwa tupu, Hazina inalijua hilo na haithubutu. Wewe ukichelewa kulipwa, halmashauri itatangaza zabuni nyingine na bado mtajipanga foleni kuomba. Mwenyewe umetuambia jina unalihifadhi kwa sababu unataka kazi kwao.

BoT haiwezi kukusaidia katika hilo, na tatizo lako halimo kwenye kiwanda cha noti. Limo kwenye nani Hazina inamwogopa akicheleweshewa.

Kwa hiyo fungua mkataba wako, kurasa za masharti ya jumla, utafute kipengele cha malipo yaliyochelewa. Mikataba mingi ya ujenzi ya serikali inacho: baada ya siku zilizoandikwa, mkandarasi anastahili riba. Wakandarasi wadogo hamuidai kwa kuogopa kuchukiwa. Iandike barua hiyo wiki hii, kwa mkurugenzi, nakala kwa mhandisi aliyekusainia, ambatisha hati na tarehe zake, ugongewe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Ukisubiri mpaka deni lenyewe lilipwe ndipo uikumbuke riba, watakuambia faili limeshafungwa.